Mtoto wa shule ana mba? Tazama vizuri, huenda ni mapunye



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaangalia ugonjwa ambao wengi wetu tunauona mdogo mno kiasi cha kutostahili safari ya zahanati. Katika shule zetu za msingi, kuanzia Guta hadi Bunda mjini, Butiama na Musoma, si jambo geni kumwona mtoto ambaye kichwa chake kina mabaka yenye unga mweupe. Mwalimu huuliza, mzazi hujibu: "Ni mba tu, zitaisha." Basi hununuliwa mafuta, mtoto hupakwa, kichwa hung'aa, na unga hauonekani tena. Baada ya wiki mbili unarudi, na safari hii mdogo wake naye anao.

Tunataka familia zetu zishike jambo moja kutoka makala hii: mba ni ugonjwa wa watu wazima na vijana waliobalehe. Mtoto wa miaka minne hadi kumi na mbili ambaye kichwa chake kinatoa magamba, hasa nywele zikikatika, mara nyingi hana mba. Ana mapunye. Magonjwa haya mawili yote huhusiana na fangasi, lakini hayaambukizi kwa namna moja, hayatibiwi kwa dawa moja, na hayana mwisho mmoja. Anayeyachanganya hupoteza fedha, huwaambukiza watoto wengine, na pengine mtoto hubaki na kipara cha maisha.

Fangasi ni nini?

Kila mama anamjua fangasi hata kama hajawahi kumwita kwa jina hilo. Ugali uliolala siku kadhaa mahali penye joto huota ukungu. Huo ni fangasi. Uyoga tunaookota baada ya mvua ni fangasi. Hamira inayoumua maandazi nayo ni fangasi, tena wadogo sana wasioonekana kwa macho. Fangasi si mmea wala mnyama. Hawezi kujitengenezea chakula kutokana na jua kama yafanyavyo mahindi, hivyo hukaa juu ya kitu na kukila.

Walio wengi hawatudhuru kabisa. Wale wanaopenda ngozi ya binadamu tunaweza kuwagawa katika makundi mawili makubwa kufuatana na chakula chao. Kundi la kwanza hula mafuta ya ngozi. Kundi la pili hula ngozi kavu ya juu, nywele na kucha, yaani ile sehemu ngumu ya mwili inayoitwa keratini. Mba inatokana na kundi la kwanza, mapunye yanatokana na kundi la pili. Tukiliweka hili kichwani, mengine yote yatakuwa rahisi kuelewa.

Mba: fangasi mla mafuta

Fangasi anayehusika na mba anaitwa Malasezia, kwa jina la Mfaransa Louis-Charles Malassez aliyemweleza katika karne ya 19. Umbo lake linafanana na hamira. Huyu si mgeni. Anaishi juu ya ngozi ya karibu kila mtu mzima, mwenye mba na asiye na mba, tajiri na maskini, aoga mara mbili kwa siku na aoga mara moja.

Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha orodha kamili ya vinasaba vya aina moja ya fangasi huyu. Waligundua kwamba hana uwezo wa kujitengenezea mafuta anayoyahitaji ili aishi. Ni lazima ayapate kwetu. Ngozi ya kichwa ina tezi nyingi zinazotoa mafuta, naye huyavunjavunja, akala sehemu anayoitaka na kuacha mabaki. Baadhi ya mabaki hayo huwasha ngozi ya watu wengine. Kwa kawaida ngozi hujibadilisha polepole, kiasi cha wiki nne, na chembe za zamani huanguka moja moja bila kuonekana. Ngozi iliyowashwa huharakisha kazi hiyo, chembe hushikamana na kuanguka kama unga au magamba. Hizo ndizo mba.

Sasa tunaelewa mambo matatu. Kwanza, mba haiambukizi, kwa sababu fangasi mwenyewe tayari tunaye sote. Tofauti ni jinsi ngozi ya kila mmoja inavyomvumilia. Pili, mba huanza wakati wa kubalehe, kwa sababu ndipo tezi za mafuta zinapoanza kufanya kazi kwa nguvu. Tatu, kupaka kichwa mafuta ya kula au ya nazi ili "kulainisha mba" hakuitibu. Mafuta hulaza magamba yasionekane, lakini fangasi huyu hupenda mafuta; hata katika maabara, wataalamu wakitaka aote vizuri humtilia mafuta ya zeituni.

Mtoto mchanga wa wiki au miezi michache anaweza kuwa na magamba ya njano yenye mafuta kichwani. Hali hiyo kwa kawaida huisha yenyewe. Mama alainishe magamba kwa mafuta kidogo, kisha amwoshe kwa sabuni laini na kitambaa. Asiyabandue kwa kucha.

Mapunye: fangasi mla nywele

Mapunye, ambayo wengine huyaita mashilingi kwa sababu ya umbo lake la mviringo, huletwa na fangasi wa kundi la pili. Katika Afrika Mashariki aina zinazopatikana sana ni za jamii ya Trikofitoni na Maikrosporamu. Fangasi hawa huingia katika tundu la nywele, hushuka kuelekea kwenye shina, na kuula unywele wenyewe. Unywele ulioliwa hukosa nguvu, hukatika karibu na ngozi, na mahali hapo hubaki baka lenye magamba. Wakati mwingine huonekana vidoto vyeusi, ambavyo ni vichwa vya nywele zilizokatikia kwenye ngozi.

Ugonjwa huu una nafasi yake katika historia ya tiba. Mwaka 1841, huko Paris, daktari mzaliwa wa Hungaria aitwaye David Gruby alieleza fangasi aliyemwona kwa hadubini katika magamba ya vichwa vya wagonjwa. Hiyo ilikuwa miaka 35 kabla ya Robert Koch kuonyesha, mwaka 1876, kwamba ugonjwa wa kimeta unaletwa na bakteria. Kwa hiyo mapunye na ndugu zake ni kati ya magonjwa ya kwanza kabisa ambayo binadamu alithibitisha kuwa yanaletwa na kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho, si na laana, wala jicho la mtu, wala damu chafu.

Mapunye huambukiza, tena sana. Mbegu za fangasi hutoka na nywele zilizokatika na magamba, zikabaki katika kitana, kofia, kilemba, mto, shuka na mashine ya kunyolea. Hapo huweza kukaa hai kwa miezi. Watoto wanaolala kitanda kimoja, wanaobadilishana kofia, au wanaonyolewa kwa kiwembe kimoja, hupeana.

Kwa nini basi watu wazima hawayapati sana? Wataalamu wanaeleza kwamba mafuta yanayotoka kwa wingi baada ya kubalehe yana asidi zinazowazuia fangasi wala nywele. Hivyo mafuta yale yale yanayomlisha fangasi wa mba humkinga kijana na mapunye. Ndiyo sababu umri wa mgonjwa unatusaidia sana kujua ugonjwa wake.

Tutofautishe vipi?

Mzazi, mkalishe mtoto kwenye mwanga wa jua, umtazame kichwa chote kwa utulivu. Angalia yafuatayo:

1. Umri. Magamba kwa mtu aliyebalehe: huenda ni mba. Magamba kwa mtoto wa shule ya msingi: fikiria mapunye kwanza.

2. Nywele. Mba huenea kichwani na nywele hubaki. Mapunye huwa na mabaka, na nywele za hapo zimekatika au hazipo.

3. Wenzake. Kama ndugu au rafiki wa karibu ana dalili hizo hizo, hayo ni mapunye.

4. Tezi. Pitisha vidole nyuma ya masikio na shingoni. Vijivimbe vidogo hapo, pamoja na magamba kichwani, huelekeza kwenye mapunye.

5. Uvimbe wenye usaha. Mara nyingine mwili wa mtoto hupambana na fangasi kwa ukali, na kichwani hutokea uvimbe laini, wenye maumivu na usaha. Watu hudhani ni jipu. Usiupasue wala kuukamua! Unahitaji dawa ya fangasi mapema, maana ukichelewa huacha kovu, na penye kovu nywele hazioti tena.

Kwa nini dawa ya kupaka haitoshi?

Hapa ndipo familia nyingi hupotea njia. Krimu ya fangasi ni dawa nzuri kwa ngozi ya mwili, kwa kuwa fangasi yuko juu juu. Lakini katika mapunye fangasi yuko ndani ya unywele, chini ya ngozi, mahali ambapo krimu haifiki. Unafuta moshi huku moto unawaka ndani ya kuni. Baka husinyaa kidogo, mzazi hufurahi, kisha ugonjwa hurudi.

Mapunye yanatibiwa kwa dawa ya kumeza. Dawa iliyotumika kwa muda mrefu zaidi ni griseofulvini, nayo ina historia ya ajabu, kwa sababu yenyewe ilitokana na ukungu. Watafiti wa London waliipata mwaka 1939. Ikakaa karibu miaka ishirini bila kutumika kwa binadamu, hadi mwaka 1958 J. C. Gentles wa Glasgow alipoonyesha kwamba wanyama wa maabara wenye fangasi walipona kwa kuimeza. Kabla ya hapo, nchi zenye hospitali kubwa ziliwapiga watoto mionzi ya eksirei kichwani ili nywele zote zidondoke. Baadaye baadhi yao walipata saratani. Kwa hiyo tidonge hili tunalolidharau limewaokoa watoto wengi na mateso makubwa.

Griseofulvini hufanya kazi kwa kuingia katika keratini mpya inayotengenezwa kwenye shina la unywele. Unywele mpya huota ukiwa na kinga, na ule wenye ugonjwa husukumwa nje. Unywele hukua kiasi cha sentimeta moja kwa mwezi, hivyo kazi hiyo haiwezi kwisha kwa siku tano. Dawa humezwa kwa wiki sita hadi nane, na pengine zaidi. Anayeacha baada ya wiki mbili kwa sababu mtoto "anaonekana mzima" ameacha fangasi ndani.

Dawa hii hufyonzwa vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Huna haja ya kununua chakula maalumu: maziwa, karanga au dagaa wa kukaanga wa ziwani kwetu wanatosha. Kipimo hutegemea uzito wa mtoto, ndiyo maana ni lazima apimwe na mtaalamu, asipewe vidonge vilivyobaki vya jirani. Mjamzito haruhusiwi kutumia griseofulvini. Ipo pia dawa nyingine iitwayo terbinafini, ambayo kwa fangasi wa jamii ya Trikofitoni hufanya kazi kwa muda mfupi zaidi. Mtaalamu ndiye atakayechagua.

Kutibu mtoto mmoja ni kuchota maji kwa tenga

Vijijini magharibi mwa Kenya, maelfu ya watoto wa shule za msingi walichunguzwa ngozi mwaka 1993. Karibu theluthi moja walikuwa na ugonjwa wa ngozi wa aina moja au nyingine, fangasi wakiwemo. Matibabu yalitolewa, na mwaka 1999 watoto walichunguzwa tena. Idadi ilikuwa imepungua kidogo tu: kutoka watoto 32 katika kila 100 hadi kama 30. Dawa peke yake haikatizi mzunguko pale ambapo watoto wanalala pamoja na kutumia vitu kwa pamoja. Aliyepona leo, kesho hupewa tena na nduguye.

Kwa hiyo, akigundulika mtoto mmoja, nyumba nzima ifanye yafuatayo:

Watoto wote wa nyumba hiyo wachunguzwe vichwa siku hiyo hiyo. Mwenye dalili aanze dawa pamoja na mwenzake.

Wasio na dalili waoshwe vichwa mara mbili kwa wiki, kwa wiki chache, kwa shampuu yenye ketokonazoli au seleni. Mtu anaweza kubeba mbegu za fangasi bila kuwa na baka lolote. Shampuu haitamponya mgonjwa, lakini hupunguza mbegu anazosambaza.

Vitana na brashi viloweshwe katika maji ya moto sana. Kofia, vilemba, foronya na shuka zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kila mtoto awe na kitana chake.

Na kinyozi je? Vinyozi wetu wa sokoni na wa mialoni wanafanya kazi ya heshima, lakini mashine inayopita vichwa thelathini kwa siku ni njia rahisi ya ugonjwa. Kuifuta kwa spiriti haraka haraka huku nywele zimejaa katika meno yake hakusaidii sana. Kwanza nywele zote zitolewe kwa brashi, meno yasafishwe, kisha yaloweshwe katika dawa ya kuua vijidudu kwa muda wa kutosha. Kiwembe kisitumike kwa watu wawili kamwe, kwa sababu hapo hatari si mapunye tu, bali pia Virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Mzazi asione aibu kuuliza.

Tunawaomba pia walimu. Mtoto aliyekwisha kuanza dawa hana sababu ya kufukuzwa shule. Azuiwe kubadilishana kofia na wenzake, lakini aendelee na masomo. Na wenzake wafundishwe kutomcheka, maana mtoto anayechekwa hujifunika kofia mchana kutwa, naye mzazi huficha ugonjwa. Mficha uchi hazai.

Fangasi sehemu nyingine za mwili

Maisha yetu ya ziwani na mashambani yana fangasi wake.

Mvuvi anayekaa usiku kucha na miguu iliyolowa, na mkulima wa mpunga anayeshinda ndani ya maji au buti za mpira, hupata fangasi kati ya vidole vya miguu. Ngozi huwa nyeupe, hupasuka na kuwasha. Dawa yake kubwa ni ukavu. Akitoka majini akaushe kila nafasi ya vidole, avae kandambili, aache buti zipigwe na hewa. Akina mama wanaosafisha samaki huweza kuvimba kandokando ya kucha, kwa sababu mikono haipati muda wa kukauka.

Mchungaji anayeshika ndama wenye mabaka ya kijivu usoni na shingoni anaweza kupata choa kutoka kwao. Watoto wa mbwa na paka nao wanaweza kuwaambukiza watoto wanaowabeba. Choa cha mwilini ni baka la mviringo, lenye ukingo ulioinuka na katikati panapoelekea kupona. Hutibiwa kwa krimu ya klotrimazoli, ikipakwa mara mbili kwa siku hadi nje kidogo ya ukingo, na kuendelea kwa wiki moja au mbili baada ya baka kutoweka. Mafuta ya Whitfield, mchanganyiko wa asidi mbili uliotungwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, bado ni dawa nzuri na ya bei nafuu kwa ngozi ngumu ya miguu. Yasipakwe usoni, sehemu za siri wala penye kidonda.

Utangotango, yaani madoa mepesi yenye unga kidogo kifuani, mgongoni na shingoni, unaletwa na yule yule Malasezia wa mba. Nao hauna uhusiano na uchafu. Joto na jasho ndiyo sababu. Baada ya kutibiwa, rangi ya ngozi huchukua miezi kurudi. Asiyelijua hili hudhani dawa haikufanya kazi.

Lakini hapa tuwe macho. Baka jepesi lisilosikia unapoligusa kwa pamba au unyoya, yaani lenye ganzi, si fangasi. Linaweza kuwa dalili ya ukoma. Ukoma unapona kabisa kwa dawa zinazotolewa bure, ilmradi mgonjwa awahi kabla mikono, miguu na macho havijadhurika.

Mambo ya kuepuka

Usipake krimu za mchanganyiko zinazouzwa kama dawa ya kila ugonjwa wa ngozi. Nyingi zina steroidi kali. Steroidi hutuliza mwasho na wekundu ndani ya siku chache, na mtu hushukuru. Kumbe amenyamazisha askari wa mwili, na fangasi huenea bila kelele. Baada ya muda baka huwa kubwa, halina tena umbo la choa, na hata tabibu hushindwa kulitambua. Ngozi nayo hukonda na kupata mistari isiyofutika.

Usipake mafuta ya taa, maji ya betri, mafuta ya breki, wala dawa ya josho la ng'ombe. Huunguza ngozi, na dawa ya josho ni sumu inayoweza kupenya hadi ndani ya mwili wa mtoto.

Usinunue vidonge vya ketokonazoli kwa kutibu ngozi. Shampuu na krimu yake ni salama, lakini vidonge vyake vinaweza kudhuru ini vibaya. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zilitoa onyo kali kuhusu vidonge hivyo.

Maswali tunayoulizwa

Mba yangu inaisha kisha inarudi. Nifanye nini? Fangasi wa mba hawezi kufukuzwa moja kwa moja, ila hupunguzwa. Osha kichwa kwa shampuu ya ketokonazoli mara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili hadi nne. Acha povu likae dakika tano kabla ya kusuuza. Kisha endelea mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili. Mwanamke mwenye nywele za kusuka aifikishe shampuu kwenye ngozi, katikati ya mistari, na asikae na msuko mmoja miezi mingi.

Mba imekuwa kali ghafla, imeshuka hadi kwenye nyusi, kando ya pua na kifuani. Je, kuna tatizo? Mara nyingi ni mba ile ile iliyozidi. Hata hivyo, kwa mtu mzima inaweza kuwa ishara kwamba kinga ya mwili imepungua. Ni busara kupima VVU. Kipimo ni bure, na anayejua hali yake mapema huanza dawa mapema.

Tumemaliza dawa ya mapunye na bado pana upara. Je, nywele zitarudi? Kama ngozi ni laini na haina kovu, zitarudi ndani ya miezi michache. Kama kuna kovu linalong'aa, hapo hazitarudi. Hii ndiyo sababu tunasisitiza kuwahi.

Tuanzie wapi?

Tuanzie zahanati au kituo cha afya cha karibu. Tabibu akiwa na shaka anaweza kukwangua magamba kidogo na kuyatazama kwa hadubini. Ni kipimo rahisi kisicho na maumivu. Ugonjwa ukishindikana, rufaa ipo, ikiwemo Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Na tujivunie kwamba nchi yetu ina Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi katika Hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992. Wahudumu wa afya kutoka nchi mbalimbali za Afrika huja kusomea hapo, kisha hurudi kuwahudumia watu wa kwao.

Wapendwa wazazi, jioni ya leo kabla watoto hawajalala, waiteni mmoja mmoja penye mwanga mkatazame vichwa vyao. Mkiona magamba kwa mtoto ambaye hajabalehe, msimpake mafuta. Mpelekeni apimwe, na wadogo zake wafuatane naye. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tukutane tena mwezi ujao katika ukurasa huu.